Tumeonja Divai, au Tumeonja Jina Lake?

Majuma machache yaliyopita alitufikia hapa Singe, mjini Babati, mgeni mmoja kutoka Ulaya. Katika mzigo wake alikuwa na chupa moja ya divai nyekundu, ameizungushia mashati mawili isivunjike njiani. Akasema: hii ni zawadi yenu. Basi siku ya Jumapili, baada ya chakula cha mchana, tuliketi watu saba uani chini ya mti, Mlima Kwaraa ukiwa mbele yetu na wingu lake kichwani, na mgeni akaing'oa kizibo chupa ile polepole, kama mtu afunguaye barua ya babu yake. Bilauri za divai hatukuwa nazo. Tulitumia bilauri za chai.

Kabla ya kumimina alitusimulia habari zake. Divai ile yatoka katika shamba liitwalo Château Pape Clément, huko Pessac, kando ya mji wa Bordeaux nchini Ufaransa. Mwaka 1299 Bertrand de Goth alifanywa Askofu Mkuu wa Bordeaux, na shamba lile la mizabibu likawa lake. Mwaka 1305 alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Klementi wa Tano. Shamba akawaachia Maaskofu Wakuu waliomfuata, nao wakalishika karne baada ya karne, hata Mapinduzi ya Ufaransa yalipoliondoa mikononi mwa Kanisa mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1937 mvua ya mawe ililiharibu vibaya, kisha watu wengine wakalinunua na kulifufua. Hivyo ndivyo shamba lililopandwa kabla ya meli ya kwanza ya Wareno kuonekana pwani yetu lilivyofikisha divai yake katika bilauri za chai za Singe.

Tulisikiliza kwa heshima. Kijana mmoja akauliza bei, na mgeni, ambaye hakutaka kuitaja, akaitaja. Tukapiga hesabu: chupa ile moja ilikuwa karibu sawa na magunia matatu ya mahindi kwa bei ya soko letu. Pakawa kimya kidogo. Kisha tukanywa.

Kila mmoja akatoa neno lake. Mwalimu mmoja alisema ni laini mno. Kijana alisema hajapata kuonja kitu kama hicho maishani. Nami, kwa kuwa nimepita seminari kuu na nimezoea kusema mbele ya watu, nilisema kuliko wote: kwamba nasikia humo ukale, na upole wa udongo uliotunzwa, na sijui nini tena. Mzee mmoja tu, mkulima wa mbaazi, alikaa kimya akiizungusha bilauri yake. Tulipomsihi aseme, alisema: “Inanikausha ulimi kama gome la mti.” Kisha akanigeukia mimi. “Padri, niruhusu nikuulize. Tumeonja divai hii, au tumeonja habari zake?”

Wasomaji, swali hili si dogo kama linavyoonekana. Yafaa tulichunguze, kwani yule anayelijibu juu ya divai atakuwa amelijibu pia juu ya mambo makubwa zaidi.

Mgeni wetu hakuchukia. Alicheka, akasema kwamba kwao iko njia ya kulijibu, nayo ni kuonja bila kujua unachoonja. Kabatini tulikuwa na chupa ya divai nyekundu ya Dodoma. Mama mpishi wetu, ambaye hanywi kileo kabisa, akaombwa azichukue chupa zote mbili jikoni, amimine bilauri mbili kwa kila mtu, na aweke alama chini yake ambayo yeye tu angeijua. Akafanya hivyo. Tukaonja mara ya pili, bila jina, bila mwaka, bila bei.

Sitaficha yaliyotokea. Mgeni aliitambua divai yake mara moja. Wengine wetu waligawanyika. Mimi niliinua bilauri moja kwa uhakika mkubwa, nikasema hii ndiyo ya Papa Klementi. Mama mpishi akaigeuza chini, nayo ilikuwa ya Dodoma. Wote walicheka, nami nikacheka nao. Lakini usiku ule kicheko kilipokwisha nilibaki na aibu, kwa maana nilitambua kwamba maneno yale mazuri niliyoyasema mwanzoni hayakutoka ulimini. Yalitoka masikioni. Nilikuwa nimerudisha kwa mgeni habari zake mwenyewe, nimezivika nguo nyingine.

Huenda mtu akanifariji kwa kusema kwamba wenye elimu kubwa kuliko mimi wameanguka vilevile. Ni kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux wenyewe walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya divai: waliwapa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wale wakaieleza kwa maneno ambayo hutumiwa kwa divai nyekundu. Mwaka 2008 watafiti wa California walitoa habari ya watu walioonjeshwa divai ile ile mara mbili, mara wakiambiwa ni ya dola 10, mara ni ya dola 90. Ile ya dola 90 waliiona nzuri zaidi. Tena mashine iliyopima ubongo ilionyesha kwamba hawakuwa wakisema uwongo, bali raha yao yenyewe ilizidi. Na kabla ya hayo, tarehe 24 Mei 1976, huko Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaketisha waamuzi Wafaransa wenye sifa kubwa waonje bila kuona majina. Kati ya divai nyekundu waliipa nafasi ya kwanza ile ya Stag's Leap kutoka California, ikazishinda Mouton-Rothschild na Haut-Brion, mashamba mawili makuu ya nchi yao.

Kutokana na mambo kama haya, wako watu wa siku hizi wafanyao haraka kutoa hukumu: basi hakuna divai nzuri wala mbaya, uzuri ni maoni tu, kila mtu na ulimi wake, nao wajuzi ni wadanganyifu waliovaa tai. Maneno haya yanapendwa kwa sababu yanamwondolea mtu kazi ya kujifunza. Lakini je, yanafuata kweli? La hasha. Tutofautishe.

Mtu akikosea kupima gunia, hatusemi kwamba gunia halina uzito. Twasema kwamba mizani ilikuwa mbovu, au mpimaji alikuwa ameweka kidole chake. Kosa laweza kuwako tu pale ambapo kuna kitu cha kukosewa. Waamuzi wa Paris walipofunikiwa majina, hawakusema kwamba divai zote ni sawa. Walizipanga, hii mbele na hii nyuma. Lililoanguka siku ile ni desturi ya kudhani kwamba jina kubwa latosha kuwa ushahidi. Uzuri wa divai ulibaki pale pale, ukipimwa kwa uhuru zaidi. Na mgeni wetu, aliyezoea divai zile kwa miaka mingi, aliitambua yake papo hapo. Basi kitu kilikuwamo katika bilauri. Mimi ndimi niliyekuwa sina ulimi wa kukipata.

Hapa Babati tunalijua jambo hili vizuri, ila hatukulipa jina. Mpe mrina asali vijiko viwili vya asali, naye atakuambia ni ipi iliyokaa moshini na ipi iliyotolewa kabla haijakomaa. Mpe mama mwenye kupika pombe ya mtama aonje, atakuambia kimea kililala siku ngapi. Hatumwiti mtu huyo mdanganyifu. Twamwita mjuzi, na ujuzi wake aliupata kwa kuonja mara nyingi, kwa kukosea mara nyingi, na kwa kukubali kusahihishwa. Kwa hiyo haitupasi kuacha kuhukumu. Yatupasa kujifunza kuhukumu kwa haki.

Lakini je, bei? Mbona bei isiwe kipimo? Watu wengi hudhani kwamba kitu cha bei kubwa hakikosi kuwa na thamani kubwa. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya divai ya nchi yao katika madaraja, na kipimo chao hasa kilikuwa bei ambayo divai hizo zilikuwa zikipata sokoni. Mpango ule ungaliko hata leo. Badiliko lake lijulikanalo kuliko yote lilikuja mwaka 1973, Mouton-Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza. Ukipenda kujua jinsi bei ya jana iwezavyo kugeuka heshima ya leo, na heshima ya leo ikawa bei ya kesho, huo ndio mfano wake.

Nasi tunao mfano wetu, uliotuuma zaidi. Mkulima wa Babati analima mbaazi, na mnunuzi mkubwa wa mbaazi ni India. Mwaka 2017 India iliweka mpaka wa mbaazi ziingiazo nchini mwake, na bei ikaanguka kwa kishindo. Wapo waliobaki na magunia ndani ya nyumba, wasijue kama wayauze kwa hasara au wayale yote. Yule mzee aliyeniuliza swali alikuwa mmoja wao. Siku ile nilimwuliza kama mbaazi za mwaka ule zilikuwa mbaya kuliko za mwaka uliotangulia. Akajibu: “Zilikuwa mbaazi zile zile, Padri. Mvua ilikuwa njema hata.” Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ulimi wake haukutetemeka mbele ya bei ya divai. Alikwisha kufundishwa, kwa machozi, kwamba bei husema ni nani anataka na nani ananyimwa. Haisemi kitu ni kizuri namna gani, wala mtu aliyekilima alitoa jasho kiasi gani.

Sasa tufike kwenye jambo la dhamiri. Kosa langu lilikuwa nini? Kukosea alama chini ya bilauri si dhambi. Ni ujinga tu, na ujinga hutibika. Kosa lilikuwa pale mwanzo, niliposema nimesikia nisichokisikia. Sisi twauita uwongo wa namna hii adabu. Twamsifia tajiri hotuba isiyo na maana, twamsifia mkubwa shairi lisilo na vina, twamwambia mwenyeji kwamba chakula ni kitamu huku tukikimeza kwa maji. Kunyamaza kwa hisani kunaruhusiwa, na kushukuru ni wajibu. Ningeweza kumshukuru mgeni kwa moyo wote bila kusema hata neno moja la uwongo. Lakini mtu akizoea kuona asichokiona kwa sababu wakubwa wanakiona, siku moja atashindwa pia kuona kinachoonekana. Atasimama barazani kuamua kesi, naye atamsikia mwenye jina na kutomsikia asiye nalo.

Tukumbuke hata jina lililobandikwa kwenye chupa ile. Klementi wa Tano ndiye aliyehamishia makao ya Papa Avignon mwaka 1309, na ndiye aliyevunja shirika la Watemplari mwaka 1312, mambo ambayo wanahistoria, hata Wakatoliki, wanabishana juu yake mpaka leo. Sisemi hivyo kumdharau. Nasema tu kwamba jina kuu halimfanyi mwenye jina kuwa mtakatifu, wala haliitii divai utamu. Kanisa lenyewe, katika Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 924, ladai kwamba divai ya Misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Halitaji shamba. Halitaji bei.

Huenda msomaji akasema: Padri, umefalsafisha sana juu ya ladha, lakini magunia yale matatu ya mahindi umeyaruka. Sikuyaruka, nilikuwa nikiyaogopa. Je, ni haki watu saba wanywe kwa nusu saa chakula cha familia kwa miezi? Twajua habari ya Bethania, mwanamke alipoyamimina marhamu ya thamani, na mmoja akanung'unika kwamba yangaliuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Na Injili ya Yohane yatuonya kwamba aliyenung'unika ndiye aliyekuwa mwizi wa mfuko. Basi hata jina la maskini laweza kubandikwa juu ya chupa isiyo yake. Lakini tusiitumie habari ile kama pazia la kujifichia. Marhamu yale yalitolewa mara moja kwa upendo. Hayakunywewa kila Jumapili na wale wale.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipouliza kama kunywa divai ni haramu, alijibu kwamba kwa asili yake si haramu, ila yaweza kuwa haramu kwa sababu nyingine: mnywaji akiwa mtu anayedhurika kwa urahisi, au amejifunga kwa nadhiri, au akipita kiasi, au akiwakwaza wengine. Vipimo hivi vinne vingali vipya. Nyumba ngapi kwetu zimevunjwa na gongo? Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba mwanzoni mwa Machi 2017, wako kina mama waliotoa shukrani kwa magoti. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba gazeti limesifu kileo. Mama mpishi wetu, aliyemimina asionje, hakukosa kitu chochote kilicho cha lazima. Na katika uani ule yeye ndiye aliyeujua ukweli peke yake.

Nami kwa swali la mahindi najibu hivi, nikijijibu mwenyewe kwanza. Zawadi ikitolewa kwa upendo, ipokewe kwa furaha, na ifunguliwe mbele ya wengi, si kufichwa kwa wachache. Lakini yule ambaye ameonja kitu cha thamani hatoki mezani akiwa huru kama alivyoketi. Amekuwa na deni. Ikiwa nimeweza kukaa nusu saa nikitafakari jasho la mkulima wa Pessac, nina udhuru gani nisitafakari jasho la mkulima wa Dodoma, aliye umbali wa kilometa zipatazo 250 tu kwa barabara hii ipitayo Babati?

Kwa maana chupa ile ya pili nayo ina ukoo wake. Mwaka 1957 wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, katika nchi kavu ambayo wengi waliiona kuwa ya njaa tu. Na kutoka hapo kilimo hicho kikaenea kwa watu wa Hombolo, Mpunguzi na kwingineko. Mzabibu wa Dodoma, kwa jua lile, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hawezi kuliota. Lakini zabibu hazingoji. Mahindi yaweza kukaa ghalani. Zabibu zikikosa mnunuzi kwa siku chache zimeoza shambani, na wakulima wa huko wamelia kilio hicho mara nyingi. Zabibu zao hazikukosa ladha. Zilikosa jina, zilikosa kiwanda cha karibu, zilikosa mtu wa kuzionja kwa uaminifu.

Hapa pia tujihadhari. Sisemi tuisifu divai ya Dodoma kwa kuwa ni yetu. Huko pia ni kuonja jina, ila jina lingine. Divai ya Dodoma ikiwa chungu, na isemwe ni chungu, ili anayeitengeneza asahihishe. Mkulima hahitaji huruma ya ulimi wetu. Ahitaji haki: apimiwe kwa mizani isiyo na kidole, alipwe kwa wakati, na mali yake ihukumiwe kwa kadiri ilivyo.

Tena, wasomaji wapenzi, ni mara ngapi kwa siku tunaonja watu kwa namna ile nilivyoonja divai? Kijana akiomba kazi, twauliza kwanza ni mtoto wa nani, ametoka kabila gani, amesoma shule ipi. Binti akiletwa kwa uchumba, twasoma ukoo wake kabla ya kumtazama machoni. Mgonjwa mwenye viatu vilivyochakaa hungoja, na mwenye gari huingia. Chupa ikionjwa vibaya, hasara ni yangu. Mtu akionjwa vibaya, hasara ni yake, na hesabu ni yangu mbele ya Mungu asiyepokea uso wa mtu.

Nimalize kwa jambo moja nililosahau kusema. Jioni ile, watu walipokuwa wakiinuka, mzee wa mbaazi alikuwa bado na tone katika bilauri ya kwanza, ile ya Ufaransa, iliyokuwa imekaa wazi tangu mchana. Akalinywa, akafikiri. “Padri,” akasema, “sasa imetulia. Mchana ilinikausha, sasa ni nzuri. Ni nzuri kweli.” Mgeni akathibitisha kwamba ndivyo divai ya namna ile ilivyo, yataka hewa na muda. Basi yule aliyekataa kuisifu kwa ajili ya jina ndiye aliyeisifu mwishoni kwa ajili yake yenyewe, na sifa yake ile moja ilikuwa na uzito kuliko zangu zote.

Tuombe ulimi kama ule: usiosema kabla haujaonja, usioona haya kusema ni chungu, na usioona haya kubadili neno lake ukweli unapobadilika kinywani.